Shujaa Anapoanguka

Masomo: 2 Samweli 12:1-13 na 2 Timotheo 2:5



Jumapili moja baada ya ibada tulikaa chini ya mwembe wa kanisa pamoja na vijana wa kwaya, nao walikuwa wakibishana habari za riadha. Mmoja wao alikuwa amesoma katika simu yake orodha ya wakimbiaji waliofungiwa kwa sababu ya dawa za kusisimua misuli, na katika orodha hiyo akakuta jina la mtu aliyempenda tangu utoto. Kijana yule akasema kwa uchungu, "Basi, mimi simwamini mtu tena." Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana tulikumbuka siku ambayo maneno kama hayo yalikuwa kinywani mwetu, tukakumbuka pia kwamba siku ile hatukuwa na haki ya kuyasema. Kwa hiyo Mchungaji alipotuomba mafundisho ya mwezi huu, tuliona vema tuieleze habari ile, ingawa haitupi sifa.

PICHA UKUTANI

Sisi tuandikao haya tulitoka chuo cha ualimu katikati ya miaka ya 1980, tukapangiwa shule moja ya msingi kijijini. Tulikuwa vijana wenye kupenda michezo, na mwalimu mkuu akatukabidhi michezo yote ya shule. Mipira haikutosha, na viatu havikuwepo kabisa, lakini uwanja ulikuwepo na watoto wenye mbio walikuwepo.

Siku zile dunia nzima ilikuwa ikimtaja Ben Johnson wa Kanada. Alizaliwa Falmouth, Jamaica, mwaka 1961, akahamia Kanada mwaka 1976 akiwa kijana mdogo mwenye kigugumizi. Tarehe 30 Agosti 1987, katika mashindano ya dunia mjini Roma, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.83. Alimshinda Carl Lewis wa Marekani, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa sekunde 9.93. Tulikata picha yake gazetini, tukaibandika kwa uji wa unga kwenye ukuta wa darasa la tano. Mwaka uliofuata darasa lilipopanda kuwa la sita, watoto waliihamisha picha ile wao wenyewe.

Tuliitumia kufundishia. Mtoto akichelewa namba, tulimwonyesha picha. Mtoto akikata tamaa kwa hesabu, tulimwonyesha picha. Tuliwaambia, "Mnamwona huyu? Alikuwa kijana asiyejulikana, tena ulimi wake mzito. Hakuna aliyembeba. Alijituma." Tunakiri sasa kwamba katika darasa lile jina la Johnson lilitajwa mara nyingi kuliko jina la Bwana wetu, nasi tulikuwa tukifundisha pia kipindi cha dini.

Jumamosi tarehe 24 Septemba 1988 ilikuwa fainali ya mita 100 katika Michezo ya Olimpiki mjini Seoul, Korea ya Kusini. Kwetu ilikuwa asubuhi, nasi tulipata habari kwa redio. Johnson alikuwa ameshinda kwa sekunde 9.79, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia. Lewis alikuwa wa pili kwa sekunde 9.92. Jumatatu tuliandika namba ile, 9.79, kwenye pembe ya ubao, tukamwagiza kiranja asiifute.

Jumanne tarehe 27 habari ikabadilika. Mkojo wa Johnson ulikuwa umepimwa baada ya mbio, kama ilivyo desturi. Mkojo huo hutiwa katika chupa mbili. Ya kwanza ikionekana na kasoro, ya pili hufunguliwa mbele ya wawakilishi wa mwanariadha, asije mtu akaonewa. Chupa zote mbili zilikuwa na dawa iitwayo stanozolo, dawa ya kujenga misuli. Johnson akanyang'anywa medali, na dhahabu ikapewa Lewis.

SWALI LA MTOTO

Jumatano asubuhi tuliingia darasani na kukuta watoto wamekwisha kusikia. Walikuwa kimya kama watoto wa nyumba yenye msiba. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, ile namba tuifute?" Tukaifuta wenyewe. Kisha tukaacha somo la siku ile, tukawahubiri kwa muda wa nusu saa nzima. Tulisema kwamba udanganyifu ni wizi. Tuliwasomea maneno ya Mtume Paulo kwa Timotheo, yanayotufundisha kwamba mshindani hapewi taji asipofuata kanuni za mashindano. Tulisema kwa hasira kweli, maana tulijiona tumesalitiwa. Tulikuwa tumemkabidhi mtu yule watoto wetu 40, naye ametuaibisha mbele yao.

Tulipomaliza, mvulana mmoja wa nyuma akasimama. Akauliza kwa adabu, bila kejeli yoyote, "Mwalimu, na yule kaka aliyetuchezea fainali, naye watatunyang'anya kombe?"

Wapendwa, hapa hatuna budi kueleza. Mwezi Juni mwaka ule shule yetu ilikuwa imeingia fainali ya kandanda ya shule za kata yetu. Mshambuliaji wetu hodari alishikwa na malaria siku mbili kabla ya mchezo. Kijijini alikuwepo kijana wa sekondari aliyekuwa likizo, mfupi wa umbo lakini mkomavu wa miguu. Tulimpa jezi ya mgonjwa, na jina la mgonjwa. Uwanjani mchezaji wa namna hiyo huitwa mamluki. Alifunga mabao mawili, tukashinda 2 kwa 1, na kombe likawekwa juu ya kabati la mwalimu mkuu. Wazee wa kijiji walitusifu. Watoto wote walijua, maana walimfahamu kijana yule kwa jina lake, na baadhi yao ni wadogo zake.

Na mvulana aliyeuliza swali alikuwa mchezaji wa akiba. Nafasi ile ilikuwa yake. Siku ya fainali alikuja na viatu alivyoazima kwa mjomba wake, akakaa navyo pembeni ya uwanja mpaka mwisho wa mchezo.

Je, tulimjibu nini? Tulimwambia, "Kaa chini." Akakaa. Mwaka ule hakuuliza swali jingine.

Jioni ile tuliibandua picha ya Johnson ukutani, tukaichana. Kombe tukaliacha kabatini.

YALE TULIYOJIFUNZA

Tumekuwa tukiitafakari siku ile kwa miaka mingi, na tungependa kuwashirikisha mambo manne.

Kwanza, hasira yetu juu ya dhambi ya mwingine si ushahidi kwamba sisi ni wasafi. Mkumbukeni Mfalme Daudi. Nabii Nathani alimwendea na hadithi ya tajiri aliyekuwa na makundi ya kondoo, lakini akamnyang'anya maskini kondoo wake mmoja aliyemlea nyumbani. Daudi aliwaka hasira, akataka mtu yule afe. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na hukumu yake ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba mtu yule alikuwa yeye mwenyewe, na Nathani akamwambia hivyo usoni. Mvulana wa darasa la sita alikuwa Nathani wetu. Daudi alipoambiwa, alikiri. Sisi tulimwambia Nathani akae chini.

Wala tusidhani kwamba aliyedhulumiwa leo hawezi kuanguka kesho. Mwaka 2008, mjini Beijing, Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda mbio za mita 1500 za Olimpiki. Mwaka uliofuata alinyang'anywa medali kwa sababu ya dawa, na dhahabu ikaenda kwa jirani yetu Asbel Kiprop wa Kenya. Tulifurahi sana, tukasema haki imetendeka. Kiprop akawa bingwa wa dunia mara 3, mwaka 2011, 2013 na 2015. Lakini kipimo cha Novemba 2017 kilionyesha dawa ya kuongeza damu, na mwaka 2019 akafungiwa miaka 4. Yeye mwenyewe alikana kosa, nasi hatuketi katika kiti cha hukumu. Twasema tu kwamba mtu anaposimama imara na ajiangalie.

Pili, udanganyifu hufanyika mahali pasipoonekana, muda mrefu kabla ya kilele. Wengi hudhani kwamba Johnson alidanganya katika zile sekunde 9.79. La hasha. Katika sekunde zile alikimbia tu, kama wengine. Dawa ile haimpi mtu mabawa siku ya mashindano. Kazi yake ni kumwezesha kufanya mazoezi mazito, kupona upesi, na kurudia tena kesho, hata misuli yake ikue kupita ilivyokuwa. Kocha wake, Charlie Francis, alieleza baadaye kwamba Johnson alianza kutumia dawa za namna hiyo mwaka 1981. Maana yake ni miaka 7 ya siri kwa ajili ya sekunde zisizofika 10. Hata nasi hatukukosea uwanjani. Tulikosea usiku, katika nyumba ya mwalimu, tulipoandika jina la mgonjwa kwenye karatasi na kulitia sahihi yetu.

Watu wa kale waliijua hatari hii. Huko Olympia, katika nchi ya Ugiriki, mwanamasumbwi mmoja aitwaye Eupolus aliwahonga wapinzani wake mwaka 388 kabla ya Kristo. Alitozwa faini pamoja nao, na fedha za faini zikatumika kusimamisha sanamu za shaba za mungu wao kando ya njia ya kuingilia uwanjani. Kila mwanariadha aliyekwenda kushindana alipita mbele ya sanamu zile, akakumbushwa aibu ya wadanganyifu. Misingi ya sanamu hizo ingali inaonekana mpaka leo. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi karibu na uwanja mwingine maarufu wa michezo. Aliwakumbusha kwamba wakimbiaji wale hujinyima kila kitu kwa ajili ya taji la majani, nalo hunyauka, lakini sisi tunalitazamia taji lisilonyauka. Basi, ikiwa wapagani walikumbushwa kwa sanamu za aibu, sisi tumekumbushwa kwa msalaba ulio mbele yetu kila Jumapili, nao hautuonyeshi aibu yetu tu, bali na msamaha wetu.

Tatu, toba haina budi kuwa na miguu. Baada ya aibu ya Seoul, serikali ya Kanada iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Charles Dubin. Mwanzoni Johnson alikuwa amekana. Lakini mwezi Juni 1989 alisimama mbele ya tume ile, akala kiapo, akakiri kwamba alitumia dawa na kwamba alikuwa amesema uongo. Akawaasa vijana wasiifuate njia aliyoipita. Tulipoipata habari hiyo ilituchoma kuliko ile ya kuanguka kwake. Alipoanguka tuliweza kumhukumu. Alipokiri alikuwa ametutangulia.

Jumamosi iliyofuata tulipanda baiskeli, tukaenda kwa mwalimu wa michezo wa shule ile tuliyoifunga. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi, nasi tulimwamkia kwa heshima. Akatukaribisha chai. Tulipomweleza habari ya mamluki wetu, alituangalia kwa muda, kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwa na mmoja. Mimi nilikuwa na wawili."

Tulicheka pamoja. Halafu kicheko kikaisha, tukabaki kimya, kila mtu na kikombe chake. Yeye ndiye aliyesema kwamba wanafunzi wake nao walijua.

Jumatatu tulimwomba mwalimu mkuu tulirudishe kombe kwa Mratibu wa Elimu wa Kata. Alikasirika sana, na muhula ule hakuzungumza nasi ila kwa kazi tu. Tulikwenda wote wawili, sisi na yule mwalimu mwenzetu. Mratibu alilipokea kombe, akauliza, "Sasa nimpe nani?" Hatukuwa na jibu. Likabaki mezani kwake, akawa anawekea kalamu.

Kisha tukasimama mbele ya darasa, ambalo sasa lilikuwa la saba. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Tuliwaambia watoto tulichofanya, ingawa walikijua, na tukataja kwamba tulimwambia mwenzao akae chini alipouliza swali la haki. Tukamwomba radhi kwa jina lake mbele ya wenzake. Alisimama, akasema, "Haya, Mwalimu," akakaa. Hakusema kwamba ametusamehe, wala sisi hatukumlazimisha aseme. Ni miaka mingi tangu wakati huo. Tuliwahi kukutana naye mara moja kituo cha mabasi, mtu mzima mwenye watoto wake. Alitupokea mzigo, akatuita Mwalimu, akatutafutia kiti cha dirishani. Hatukulitaja jambo lile, na mpaka leo hatujui kama amelisahau.

Twasema haya kwa sababu baadhi yetu twadhani kwamba ukishakiri kila kitu hurudi mahali pake. Si hivyo. Mungu husamehe mara moja, lakini mtoto aliyenyimwa nafasi yake hairudishiwi siku ile. Wala kukiri mara moja si kinga ya maisha yote. Johnson aliyekiri mwaka 1989 alirudi uwanjani mwaka 1991, na mwaka 1993 akakutwa tena na dawa, akafungiwa maisha. Tusimcheke. Ni nani kati yetu aliyetubu Kwaresima iliyopita asirudie kabla ya Pentekoste? Toba ni safari ya kila siku, ndiyo maana kila ibada tunaanza tena kuungama.

Nne, tumtafute mtu wa nne. Katika mbio zile za Seoul, Johnson alikuwa wa kwanza, Lewis wa pili, na Linford Christie wa Uingereza wa tatu. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba Lewis naye alikutwa na vichocheo katika mchujo wa Marekani mwaka 1988, akaachiwa kwa kuonekana hakukusudia. Christie alikutwa na dawa mwaka 1999, akafungiwa miaka 2, ingawa alikana. Nyuma yao alikuwepo Mmarekani aitwaye Calvin Smith, aliyemaliza kwa sekunde 9.99. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mita 200 mara 2, mwaka 1983 na 1987, na rekodi ile ya sekunde 9.93 aliyoivunja Johnson huko Roma ilikuwa yake. Katika maisha yake yote ya riadha hakukutwa na dawa hata mara moja. Johnson alipoondolewa, Smith alipewa medali ya shaba, baada ya watazamaji kwenda zao. Sisi wenyewe wakati ule hatukulijua jina lake. Hatukuwa na picha yake.

Ndugu zangu, kijana anayesema "simwamini mtu tena" hakukosa watu wa kuaminiwa. Alimwangalia wa kwanza tu, na sisi wakubwa ndio tuliomfundisha aangalie huko. Katika mtaa wetu watu wa nne ni wengi. Yupo mama auzaye mchele sokoni kwa kibaba kamili, na jirani yake auzaye kwa kibaba kilichobonyezwa kitako ndiye mwenye wateja. Yupo mkulima akataaye kujaza lumbesa, akarudi nyumbani na gunia lake. Yupo mwanafunzi aliyepewa majibu ya mtihani usiku, akakataa, akapata alama za wastani, na wazazi wake wakamuuliza kwa nini hakufanya vizuri kama mtoto wa fulani. Hebu tujiulize, mtoto yule nyumbani alipongezwa au alifokewa? Tukimfokea, tumemfundisha kanuni ambazo Johnson alizifuata.

Na hata kanisani tusijifiche. Tunapokwenda kwenye mashindano ya kwaya na waimbaji wawili watatu tuliowaazima kutoka kwaya nyingine, tukawavalisha joho za kwaya yetu, hao nao ni mamluki, hata kama wimbo ni wa kumsifu Mungu. Na kila anapoingia wa kuazimwa, yupo binti yetu mmoja aliyehudhuria mazoezi yote, akaambiwa akae.

TUMWAMINI NANI?

Mtu atauliza, basi tusimpende mchezaji yeyote, tusiwasifu wenye vipawa? Hapana. Mbio ni zawadi ya Mungu, na kufurahia kijana anayekimbia vizuri si dhambi. Mtunga Zaburi, katika ile ya 146, atuonya tusiweke tumaini letu kwa wakuu wala kwa mwanadamu, kwa sababu pumzi yake hutoka akarudi mavumbini. Hatuonyi tusiwapende. Twaweza kumpenda mwanadamu kwa moyo wote, lakini tusimtwike mzigo wa kuwa Mwokozi wetu, maana hana mabega ya kuubeba. Sisi tulimtwika Johnson mzigo huo kwa uji wa unga na kipande cha gazeti, na alipoanguka tulimkasirikia kwa sababu hakuwa Kristo. Hilo halikuwa kosa lake.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unatuambia tupige mbio zetu kwa saburi huku tukimtazama Yesu. Yeye peke yake ndiye aliyepimwa katika kila jambo na asionekane na kasoro. Tena hakupiga mbio ili atuache nyuma. Alifika mwisho wa mwendo, na sasa anatungoja, na wale wanaochechemea anawafahamu kwa majina.

Basi, kijana uliyempoteza shujaa wako, usiharakishe kuichana picha yake. Kwanza mwombee, maana naye ni mtu aliyefiwa na heshima yake. Pili, angalia juu ya kabati lako mwenyewe, kama hakuna kombe linalopaswa kurudishwa. Nasi wazazi na walimu, mtoto akituuliza swali linalotuchoma, tusimwambie akae chini. Huenda ametumwa.

Tuombe:

Ee Bwana Yesu, uliyekwenda mwendo wako wote bila hila, utusamehe sisi tunaopenda taji kuliko haki. Uwahurumie walioanguka mbele ya macho ya watu, na sisi tulioanguka mahali pasipoonekana. Uwape moyo wale wanaotenda haki bila kushangiliwa, na uwaponye wadogo tuliowanyima nafasi zao. Utupe ujasiri wa kurudisha kisicho chetu. Amina.

Ni sisi, mwenzenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu